Mabua ya Mama Yustina Yalipoingia Mtandaoni

Ng'ombe mgonjwa utamjua kabla hujamgusa. Anajitenga na wenzake, masikio yamelegea, nywele zimesimama, hacheui. Hayo mmefundishwa chuoni, na kama mlikuwa mnasinzia darasani kama mimi, mtafundishwa na wafugaji wenyewe, bure, kwa kuchekwa. Ninalotaka kuwaambia ninyi vijana mnaoripoti vituoni mwaka huu hamtalikuta kwenye madaftari: afisa mifugo anaweza kuwafarakanisha watu wawili waliopatana miaka kumi na miwili kwa kidole gumba tu, akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki anasubiri chai ipoe. Nalijua kwa sababu kidole kilikuwa changu.

Nilifanya kazi hii miaka ishirini na tisa, mingi katika kata za Zombo na Ulaya, Ulaya ya Kilosa, si ya Wazungu, na miwili hapo katikati ofisini Kilosa mjini, ambako nilifuga mafaili. Nilistaafu kwa hiari. Magoti ndiyo yaliyojaza fomu, mimi niliweka sahihi tu. Sasa naishi Mikumi na kuku kumi na mmoja ambao hawanitii. Nina shahada ya chuo kikuu, na ninaitaja mapema kwa sababu mtaona jinsi ilivyonisaidia kidogo.

Aliyenifundisha kazi hakuwa na shahada. Aliitwa Bwana Chamwela, alikuwa mchanjaji wa siku nyingi, mtu mwembamba mwenye baiskeli nzito. Wiki yangu ya kwanza niliandika tangazo zuri sana la chanjo, kwa mwandiko wa kuombea cheo, nikalibandika kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji. Bwana Chamwela alilisoma lote, akatikisa kichwa.

"Zuri. Ukuta umeelewa."

"Sasa watu tuwaambieje?"

"Twende gulioni."

Siku ya gulio la Ulaya akanionyesha. Alimwambia mama mmoja muuza maziwa kutoka kwa wafugaji wa bondeni. Akamwambia fundi baiskeli. Akamwambia mzee mmoja wa kanisa aliyeshuka kutoka milimani na mzigo wa ndizi. Halafu akanunua muwa, akakaa.

"Tumemaliza?" nikamwuliza.

"Tumemaliza. Binti, ukiwaambia watatu wanaokaa benchi moja, umemwambia mmoja. Tafuta watatu ambao hawajawahi kukaa pamoja."

Siku ya chanjo walikuja ng'ombe wa bondeni na wa milimani. Walikuja na mbuzi ambao hatukuwaita, mbwa wawili, na bibi mmoja mwenye maumivu ya mgongo aliyesikia kwamba daktari amefika. Habari ilikuwa imeongezewa chumvi njiani, lakini ilikuwa imefika. Na kila aliyekuja alikuwa ameambiwa na mtu anayemjua kwa jina. Wakati ule sikuona kama hilo lina maana yoyote. Niliona ni uhaba wa simu.

Simu zikaja. Sitawadanganya kwamba nilizichukia. Nilizipenda kama mtoto anavyopenda firimbi. Nilianzisha grupu nikaliita Mifugo na Mashamba, nikaingiza wafugaji, wakulima, watendaji wa vijiji, na kila aliyenipa namba bila kujua anaingia wapi. Na lilifanya kazi. Punda aliyepotea Zombo alionekana Kilosa mjini, amesimama karibu na stesheni kama abiria, na mwenyewe alimpata siku ileile. Ugonjwa wa miguu na midomo ulipoanzia ng'ambo ya mto, tulifunga njia za mifugo kabla haujatufikia. Kwa Bwana Chamwela na baiskeli yake hilo lisingewezekana. Mtu akiwaambia zamani ilikuwa bora, mwulizeni alipoteza ng'ombe wangapi.

Upuuzi nao haukukosekana. Asubuhi moja mfugaji alinitumia picha ya ng'ombe amelala ubavu. Hakuandika neno. Nikaitazama, nikaikuza, nikaona jicho zito, nikaandika maelezo marefu juu ya ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe: dalili zake, dawa zake, na kwa nini nimekuwa nikisema waogeshe mifugo. Jibu likaja baada ya saa nzima.

"Asante daktari. Huyo amelala tu. Nilikuwa nakuonyesha rangi, kama una mtu anataka kununua."

Mkiona mtu mzima anafuta ujumbe wake huku anajicheka, mjue amesomea.

Ila kuna jambo lilitokea polepole na sikulitambua. Pikipiki yangu ilianza kupumzika. Watu walinitumia picha, mimi nikawatumia majibu, na siku ikaisha nikiwa nimewahudumia watu ishirini bila hata mmoja wao kuniona. Nilijivunia. Nilijua bei ya ndama katika kata nne. Sikujua kwamba mke wa mtendaji, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa amelazwa Kilosa siku sita. Nilipomwuliza mumewe kwa nini hakuniambia, alinitazama kwa mshangao. "Nilidhani umeona. Niliweka kwenye grupu la mtaa." Nilikuwa nimelizima sauti grupu la mtaa kwa sababu ya nyimbo za asubuhi.

Sasa niwaeleze juu ya Mama Yustina na Mzee Sendeu.

Mama Yustina ni mkulima wa Zombo, mwimbaji wa kwaya ya Anglikana, mjane mwenye sauti ya pili nzito kuliko ya wanaume. Shamba lake la mahindi liko kwenye mteremko unaoishia korongoni. Mzee Sendeu ni mfugaji wa bondeni, mtu mrefu asiyependa haraka. Kila mwaka mahindi yakishavunwa, ng'ombe wake waliingia katika shamba la Mama Yustina wakala mabua. Mzee alipata malisho ya kiangazi, mama alipata samadi, na kati yao kulikuwa na kibuyu cha maziwa kilichokwenda kimejaa na kurudi na mahindi mabichi au maboga.

Mapatano haya hayakuandikwa popote. Yalitembewa. Kabla ng'ombe hawajaingia, Mzee alikuja peke yake na fimbo yake, na wawili wale walizunguka mpaka wote wa shamba. Mama alionyesha: hapa pana mihogo, waswagie juu, hapa jirani hajavuna, hapa pana shimo. Mzee aliitikia kwa kuchomeka tawi ardhini. Mzunguko huo ulichukua asubuhi nzima, maana katikati yake walisimama wakasemezana habari za watoto, mvua na magonjwa. Niliwahi kufuatana nao mara moja. Nilichoka, nikaona wanapoteza muda.

Mwaka ninaousema kiangazi kilikuwa kikali. Nilipita kwa Mama Yustina asubuhi, nikiwa na haraka zangu. Akaniita kutoka uani.

"Mama Mifugo! Nimeshavuna. Mzee Sendeu simpati kwenye simu, yuko malishoni mbali huko. Ukimwona mwambie aje tuzunguke."

"Nitamwambia, Mama."

Nikashuka kwenye pikipiki, nikapiga picha ya shamba, kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri na nilikuwa nimeanza kujiona mpiga picha. Nilipofika ofisini nikaketi, nikaandika kwenye grupu: "Mama Yustina wa Zombo amevuna. Mabua ni mengi sana. Mwenye kumwona Mzee Sendeu amjulishe." Nikaweka na picha. Chai ilipopoa nikanywa.

Picha ilitoka kwenye grupu langu ikaingia la wafugaji wa Ulaya, ikatoka hapo ikaenda nisikokujua. Kila ilipopita iliacha maneno kidogo, kama mtu anayevua nguo njiani. Ilipofika mbali ilikuwa imebaki picha, jina la Zombo, na "mabua ni mengi sana, imetoka kwa afisa mifugo". Siku ya tatu yalifika makundi manne ya ng'ombe. Waliowaleta hawakuwa wezi wala wakorofi. Walikuwa wameona tangazo la mtu wa serikali, na ng'ombe wao walikuwa na njaa.

Hakuna aliyewaonyesha mihogo. Hakuna aliyewaambia kwamba kule chini, pembeni ya korongo, Bwana Yohana jirani yake Mama alikuwa amesimamisha ufuta wake ukauke. Kwa asiyejua: ufuta ukishakatwa hufungwa miganda, miganda husimamishwa, na vitumba vikikauka hufunguka midomo juu. Ukiutikisa kabla hujatandika turubai, umeumwaga. Ng'ombe hawatandiki turubai.

Walipoondolewa, nusu ya ufuta wa Yohana ilikuwa mchangani.

Hapo ndipo grupu langu lilipoamka. Yohana alirekodi ujumbe wa sauti akisema ng'ombe mwingine akikanyaga pale hatatoka, yeye wala mwenye naye. Vijana wakamjibu kwa vipicha vya panga. Kijana wa bondeni akajibu kwamba nao wana mikono. Mtu fulani aliyekuwa Dar es Salaam, mwenyeji wa Zombo ambaye nina hakika hajakanyaga kinyesi cha ng'ombe tangu ubatizo, akaandika aya tatu za kuchochea. Mama Yustina, aliyekuwa hajawahi kuandika chochote isipokuwa "Amina", aliandika: "Miaka yote alikuja peke yake. Mwaka huu ameniletea jeshi." Mzee Sendeu hakuandika kitu. Alijitoa kwenye grupu. Simu ikatutangazia sote kwamba ametoka, kwa mstari mmoja mdogo, na mstari ule uliniuma kuliko mapanga yote.

Siku mbili nilijaribu kuyamaliza kwa kuandika. Nilituma maelezo. Nikatuma ufafanuzi wa maelezo. Nikaweka na alama ya mikono iliyofumbatana. Kila nilipoandika, watu walipata jambo jipya la kukasirikia. Siku ya tatu nikawasha pikipiki, na nawaambia ukweli, nilitamani isiwake.

Mama Yustina alikuwa uani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Afisa."

Sikuitwa Mama Mifugo. Nikatafuta mahali pa kukaa, sikuonyeshwa.

"Nimekuja kuhusu ng'ombe."

"Ng'ombe walishaondoka. Au bando limeisha ndiyo ukaja mwenyewe?"

"Mama, Mzee Sendeu hakuwaleta wale."

"Nani aliwaleta?"

"Mimi."

Akaacha kupukuchua. "Wewe una ng'ombe?"

"Sina."

"Sasa umewaletaje?"

Nikampa simu. Alitafuta miwani yake, akaifuta kwa khanga, akasoma ujumbe wangu ule wa kwanza neno kwa neno, midomo ikitikisika. Akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Picha nzuri."

"Asante, Mama."

"Sikukusifu." Akanirudishia simu. "Nilikutuma kwa mtu mmoja. Mmoja tu, mwenye jina. Na mimi nimemtukana mzee wa watu mbele ya watu nisiowajua."

"Nitaandika kwenye grupu kwamba..."

"Usiandike! Mwanangu, weka hicho kidude mfukoni. Nenda kamwambie kwa mdomo. Na umwambie kwamba maneno yangu yalikuwa ya hasira, si ya moyo."

Bomani kwa Mzee Sendeu nilipewa kigoda, nikaachwa nacho. Alikuwa ananywesha ndama, na ndama hawaharakishwi kwa sababu ya aibu ya afisa. Alipomaliza akaja akanipa mkono, akakaa.

"Daktari."

Nikamweleza yote, tangu uani kwa Mama hadi kiti cha plastiki. Sikujipunguzia. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa juu ya fimbo.

"Kijana wangu alinionyesha ile picha," akasema mwishowe. "Nikaenda hata hivyo. Nilipofika kwenye njia nikakuta nyayo za ng'ombe nisiowajua. Nikarudi nyumbani. Nikasema, Mama amepata marafiki wengi, mimi wa nini?"

"Hakujua, Mzee. Alikuwa anakusubiri wewe mzunguke."

"Mabua yaliisha, sawa. Ng'ombe watakula kitu kingine. Lakini shamba la mtu kufunuliwa kwa watu wote namna ile! Mimi hata zizi langu sipendi lipigwe picha. Unaitaje dunia nzima nyumbani kwa mama wa watu?"

Somo hilo halikuwamo kwenye shahada yangu.

Kisha akauliza, "Yule wa ufuta anasemaje?"

"Anasema vibaya."

"Ufuta bado uko chini?"

"Bado. Amekata tamaa nao."

"Kesho," akasema, akainuka.

Asubuhi yake alipanda kuja Zombo na wakwe zake wawili, wake wa wanawe, kila mmoja na shuka kuukuu begani na ungo mkononi. Hawakuja na kijana hata mmoja, na nadhani alikuwa amepanga hivyo, ili mtu yeyote mwenye panga aone aibu kulishika. Mama Yustina alikuwa tayari shambani. Yohana alisimama kwenye mpaka, mikono nyuma.

"Mzee," Yohana akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwenye simu, "ng'ombe hawakuwa wako."

"Najua. Lakini njia waliyopita ni yangu. Nimeipita miaka kumi na miwili."

Yohana akatazama chini. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Tuanzie wapi?"

Siku mbili tulizoa mchanga wenye ufuta, tukaupepeta. Mchana upepo wa mteremko ulikuwa unasaidia. Nilipewa ungo. Niliurusha kwa bidii ya mtu anayetafuta msamaha, ufuta ukaenda kwenye nyasi na mchanga ukabaki mikononi mwangu.

"Jamani mnyang'anyeni!" Mama Yustina akapiga kelele. "Huyu atatumaliza mara ya pili! Chuo kikuu mlisoma nini, kumwaga?"

Wakwe wa Mzee walicheka hadi wakaketi. Mmoja akanishika viganja akanielekeza: usirushe, tikisa, uinamishe kwa mbele, acha upepo ufanye kazi yake. Yohana naye akacheka, bila kupenda. Hatukuokota wote. Ndege walikuwa wametangulia, na sehemu ilikuwa imekanyagwa isivyofaa. Lakini jioni ya pili Yohana alifunga mfuko mmoja na robo ya mwingine, akatoa simu yake, akarekodi kwenye grupu maneno machache: kwamba yeye na Mzee Sendeu wanafahamiana, na walioko Dar wapumzike. Vijana wa panga hawakuonekana tena. Nilimwomba Mzee arudi kwenye grupu. Alirudi baada ya miezi minne, kwa ajili ya habari za josho la kuogeshea ng'ombe.

Mtaniuliza kama nililifunga. Sikulifunga, na msifunge ya kwenu. Ugonjwa ukizuka, tangaza. Siku ya kuogesha, tangaza. Punda kapotea, tangaza mpaka stesheni. Lakini jambo lenye mpaka, lenye jina la mtu mmoja kwa mtu mmoja, lipelekeni kwa miguu, na mkifika mkae. Mkiona mnapoteza muda, mjue kazi imeanza.

Na msije mkadhani watu hawa wanaogopa simu. Mwaka wangu wa mwisho kazini goti la Mama Yustina lilikataa kabisa mteremko. Mabua yalikuwa tayari, na kuzunguka hawezi. Mwanawe wa Dar alikuwa amemnunulia simu ya kioo kikubwa. Nilikuwa nimekaa naye barazani Mzee Sendeu alipompigia kwa picha kutoka shambani, simu ameishika kwa mikono miwili kama kibuyu kilichojaa hadi mdomoni.

"Geuza, Mzee, naona pua yako tu."

"Sasa?"

"Sasa naona mbingu. Shusha. Haya, hapo. Hiyo mihogo, unaiona? Waswagie juu."

Akachomeka tawi. Wakaenda hivyo, hatua kwa hatua, yeye akitembea mteremko, mama akiuzunguka kwa macho. Walisimama palepale walipokuwa wakisimama siku zote, wakaulizana habari za wajukuu. Mtandao ulikatika mara mbili, na mara zote mbili Mzee alisimama alipo, hakupiga hatua, mpaka sura ya mama iliporudi. Asubuhi yote ikaisha. Bando nalo.

Nikadhani wamemaliza. Nilikuwa naaga nilipomwona Mzee anapanda njia ya kuja nyumbani, taratibu, fimbo mkononi.

"Mzee!" Mama Yustina akamwita toka mbali. "Si tumeonana sasa hivi? Umesahau nini?"

Alifika kwanza, akavuta pumzi, akaegemeza fimbo ukutani.

"Kule tulikuwa kazini," akasema, akimnyooshea mkono. "Sasa nimekuja kukusalimia."